Mgongo wa Bukavu na kidole gumba cha Mjapani

Mwezi uliopita nililala chini kwenye godoro jembamba la sponji, katika chumba kimoja cha Ibanda, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikiwa na suruali na shati langu, viatu tu ndivyo vilivyobaki mlangoni. Dada aliyenipokea alipiga magoti kando yangu, akaweka vidole gumba viwili kandokando ya uti wa mgongo, akaegemea. Hakusugua, hakupaka mafuta. Aliacha uzito wa mwili wake ushuke polepole, akakaa pale kwa muda wa pumzi mbili, akaachia, akahamia chini kidogo, akarudia. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na kazi yake haikupungua kitu. Alipofika chini ya bega la kushoto, upande ninaoning'iniza mfuko wa kompyuta miaka yote hii, nikaruka kama samaki.

"Ni hapa, papa?"

"Ni hapo hapo."

Hakuongeza nguvu. Alingoja tu. Baadaye kidogo nikahisi kitu kinalegea ndani, kama fundo la kamba lililoloweshwa maji.

Nilipotoka nilipanda hadi Nyawera bila kusimama njiani kuvuta pumzi, jambo ambalo kwa umri wangu si dogo. Wepesi ule ulidumu mpaka kesho yake jioni. Kisha bega likarudi lilivyokuwa, kwa sababu mfuko nao ulirudi begani.

Naanza na hayo ili msomaji ajue kwamba sina uadui na shiatsu, masaji hii ya Kijapani. Nililala, nikafinywa, nikaridhika, nikalipa. Ugomvi wangu ni na karatasi niliyoikuta imebandikwa kwenye mlango wa nyumba nyingine, mitaa miwili mbele. Ilitaja mkandamizo wa Kijapani, kisha ikapanga magonjwa unayoondoa: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ugumba wa mama, udhaifu wa papa, na mgongo ukiwa wa mwisho kabisa, kama mgeni aliyechelewa harusini. Kati ya bega langu na karatasi ile kuna bonde kubwa, na sisi watu wa Bukavu tumezoea kuvuka mabonde ya namna hiyo kwa kuruka.

Neno lenyewe halina uchawi. Kwa Kijapani, shi ni kidole na atsu ni mkandamizo. Aliyelipa umaarufu ni Tokujiro Namikoshi, aliyezaliwa 1905 na kufariki 2000. Alikulia Hokkaido, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Japani, na wanafunzi wake husimulia kwamba mama yake alipougua viungo, mtoto alikuwa akimpapasa na kumfinya mpaka vidole vikajifunza vyenyewe mahali pagumu na mahali palegevu. Mwaka 1925 alifungua kliniki huko huko Hokkaido, na 1940 akaanzisha chuo Tokyo. Marilyn Monroe alipokwenda Japani mwaka 1954 na mumewe Joe DiMaggio, Namikoshi ndiye aliyeitwa kumhudumia. Baada ya hapo hakuhitaji tangazo lingine.

Namikoshi alifundisha misuli, mifupa na mishipa ya fahamu, kama anavyofundishwa kine wetu hapa, yule mtaalamu wa tiba ya viungo. Mjapani mwingine, Shizuto Masunaga, msomi wa saikolojia aliyefariki 1981, ndiye aliyeirudisha shiatsu kwenye elimu ya kale ya Kichina, ile ya nguvu inayoitwa ki na njia zake zinazopita mwilini. Kwa hiyo kuna nyumba mbili chini ya jina moja. Katika nyumba ya kwanza anayekufinya anatafuta msuli uliokakamaa, katika ya pili anatafuta njia ya ki iliyoziba. Daktari akipasua mwili ataukuta msuli. Njia za ki hakuna aliyewahi kuzikuta. Mimi simkatazi mtu kuziamini, lakini karatasi ya mlangoni imejengwa juu ya nyumba hiyo ya pili: kama ki inapita ini, figo na moyo, basi kidole kinaweza kuahidi chochote.

Na wenyewe Wajapani hawakuiacha ovyo. Kwao, anayetaka kufinya watu kwa malipo anasoma miaka mitatu, halafu anafanya mtihani wa taifa ndipo apewe leseni. Kwetu nimeonyeshwa cheti cha siku nne, kina muhuri mzuri sana.

Sasa, kidole kinafanya nini hasa? Mtoto akijigonga goti, mama yake hulisugua kabla hata ya kuuliza nini kimetokea, na maumivu yanapungua. Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walilieleza jambo hilo kwa nadharia ya mlango: ndani ya uti wa mgongo, habari ya maumivu na habari ya mguso zinapita kwenye kizingiti kimoja, na mguso ukiwa mwingi, maumivu yanabanwa mlangoni. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini wazo lake la msingi bado liko darasani. Na mwaka 2021 tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua jinsi mwili unavyopokea joto na mguso; Patapoutian ndiye aliyeonyesha vijilango vidogo kwenye chembe za mwili ambavyo hufunguka vikikandamizwa. Kwa hiyo anayesema kufinywa ni kujidanganya tu hajui anachosema. Mwili una vifaa kamili vya kupokea kidole. Ongeza na kule kulala chini kimya, mtu mwingine akikuangalia wewe peke yako kwa saa nzima. Pumzi inashuka, mapigo ya moyo yanatulia, taya linaachia. Katika mji ambao tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka, watu wanalala sikio moja likiwa macho, hilo si jambo la kudharau.

Ila kutoka hapo hadi kisukari, njia hakuna.

Ushahidi kuhusu shiatsu yenyewe ni mwembamba. Majaribio ni machache, mengi yana watu wachache, na ni vigumu kumfinya mtu kwa uongo bila yeye kujua, kama unavyoweza kumpa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2015 serikali ya Australia ilitoa ripoti iliyopitia tiba 17 za asili, shiatsu ikiwemo, ikasema haikuona ushahidi wa wazi kwamba zinafanya kazi. Mwaka 2019 bima binafsi za huko zikaondolewa ruhusa ya kulipia karibu zote, shiatsu ikiwemo, halafu kesi ikafunguliwa upya ili ushahidi utazamwe tena. Napenda mfano huo kwa sababu unaonyesha jinsi watu wenye pesa za utafiti wanavyosita, ilhali mtaani kwetu hakuna anayesita.

Kwa mgongo peke yake habari ni nzuri kidogo. Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayolemaza watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu hayo yakiwa ya muda mrefu, na masaji imo katika vinavyoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, kumweleza mgonjwa hali yake, na msaada wa kisaikolojia. Pendekezo lenyewe ni la tahadhari, lakini limo. Na unajua kilichokataliwa humo? Mikanda ya kukaza kiuno. Ile ile inayoning'inia kwenye vibanda vyetu, myeusi, yenye vyuma, ambayo akina papa wanaivaa juu ya shati kama nishani.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: shiatsu ni ustadi wa kupumzisha mwili, na ukiishia hapo unastahili heshima. Ukivuka mstari ukawa dawa, unakuwa hatari, hasa hapa kwetu.

Nasema hapa kwetu kwa sababu mgongo wa Bukavu una mambo yake. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kushuka kwenye pingili za mgongo kikazila polepole. Mgonjwa wa namna hiyo anasema "mugongo inaniluma" kama ninavyosema mimi. Tofauti ni kwamba yeye anakonda, ana homa za jioni, analowa jasho usiku, na maumivu yake hayalali hata yeye akilala. Mtu huyo akipelekwa kwenye godoro la sponji mara sita, amepoteza wiki sita. Na yule ambaye miguu imeanza kulegea, au hawezi tena kuzuia mkojo, hana muda wa wiki, anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyejifungua juzi ambaye shavu la mguu mmoja limevimba na lina moto, usimguse pale. Panaweza kuwa na damu iliyoganda, na kidole kinaweza kuisukuma iende mapafuni. Shingo upande wa mbele, penye mishipa mikubwa ya damu, si mahali pa kujifunzia. Madaktari wameshaandika juu ya watu walioharibiwa mishipa hiyo kwa kukandamizwa. Dada wa Ibanda aliniuliza maswali karibu yote hayo kabla sijavua viatu, tena akaniuliza kama natumia dawa za kuyeyusha damu. Ndiyo maana nilimwachia mgongo wangu.

Upande mwingine, shiatsu ina kitu kinachoufaa mji huu kuliko masaji nyingine zote zilizotufikia, nacho ni nguo. Neno masaji hapa lina kivuli. Litamke mbele ya wanaume watano, watatu watakonyezana. Mke wa mtu hawezi kumwambia mumewe anakwenda kuvua nguo kupakwa mafuta na mtu asiyemjua, na hata angeweza, wengi hawataki. Kwenye shiatsu unavaa nguo zako, za kitambaa chepesi kama unazo. Unalala chini, kitu ambacho mwili wa huku unakijua tangu mkeka wa utotoni. Hahitajiki mtu wa umeme wala mtu wa maji.

Na kuna jambo zito zaidi ya heshima. Bukavu ndipo Daktari Denis Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na aliyoyaona humo ndiyo yaliyompeleka Oslo kupokea Nobel ya amani mwaka 2018. Ulimwengu mzima umejifunza kupitia mji wetu kwamba kumshona mwanamke aliyeumizwa kwa ubakaji hakutoshi. Panzi inaweka pamoja upasuaji, faraja ya moyo, msaada wa sheria na namna ya kujipatia kipato. Sisemi shiatsu iingizwe kwenye orodha hiyo, na mtu akiniambia kidole gumba kinatibu jeraha la ubakaji nitamwonyesha mlango. Ninachosema ni kwamba katika mji wa namna hii, mkono wa mgeni juu ya mwili wa mtu si jambo jepesi. Kuna watu ambao kushikwa begani kwa nyuma tu kunawarudisha usiku ule. Kwa hiyo yule anayefinya bila kuuliza, anayekwambia "vumilia, ni dawa," anayecheka ukiruka, huyo hata kama ana vyeti kumi hafai. Swali lile la "ni hapa, papa?" niliulizwa labda mara ishirini kwa saa moja. Mwanzo niliona linachosha. Baadaye nikaelewa kwamba lile ndilo somo lenyewe, na kwamba sikumbuki kuulizwa hivyo na daktari yeyote aliyewahi kunipapasa tumbo.

Halafu kuna suala la bei, na hapa ndipo ninapokasirika.

Ukitaka kuuona mgongo wa Bukavu usiende Ibanda. Shuka Muhanzi, kando ya ziwa Kivu, asubuhi, boti za Idjwi na Kalehe zinapofika. Utawaona akina mama wanainama, gunia linapandishwa mgongoni, kamba inapitishwa kwenye paji la uso, shingo inasukuma mbele, na safari ya kwenda soko la Kadutu inaanza, mlima mtupu, njia ya matope au ya mawe kutegemea mungu ameamua nini siku hiyo. Maharagwe, mihogo, mananasi, makala (ya kupikia, si haya unayosoma). Mama mmoja ambaye tunajuana kwa salamu aliniacha nipime kwa mikono kamba yake siku moja. Katikati, pale inapokaa kwenye paji, ilikuwa imeng'aa na kuwa laini kama ngozi. Naye pale pale kwenye paji alikuwa na alama yake, mfereji mwepesi unaokwenda kutoka sikio hadi sikio, hauondoki hata Jumapili akivaa kitambaa.

Nilimwuliza mgongo unaendeleaje.

"Mugongo yangu haina ugonjwa, inachoka tu."

Sentensi hiyo inamaliza nusu ya mabishano yetu. Hahitaji mtu wa kumfungulia njia za ki. Mgongo wake hauna siri, sababu inaonekana kwa macho, iko juu yake na inapimwa kwa kilo. Jioni anameza diklo mbili, vidonge vya maumivu, zilizouzwa moja moja kwenye kibanda, bila karatasi, bila swali, na tumbo linaanza kuungua, kisha anaambiwa ana vidonda, kisha anasoma ile karatasi ya mlangoni. Kikao kimoja cha Ibanda, kwa hesabu yake mwenyewe aliyoifanya kwa vidole mbele yangu, ni siku nne za kubeba. Aliyetengenezewa shiatsu, basi, ni mimi: mtu wa kukaa, mwenye mfuko wa kompyuta. Wenzangu wa mashirika wanakuja pale, wafanyabiashara wanakuja, na tunatoka tukisema jinsi mwili unavyohitaji kusikilizwa.

Kuna wanaojibu kwamba kwanza zitengenezwe njia, ziletwe mikokoteni, mzigo upunguzwe, ndipo tuzungumze habari za kufinyana. Wana haki, na ningekuwa na amri ningeanza na njia ya Kadutu kesho asubuhi. Lakini njia hiyo tunaingoja tangu nikiwa na nywele nyeusi, na mgongo hauwezi kungoja na sisi.

Tena mikono haikuletwa na Mjapani. Hapa mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto na bibi yake. Wako wazee wanaounga mifupa, wengine hodari, wengine si hodari hata kidogo. Mtoto anapandishwa juu ya mgongo wa baba yake jioni akanyage, na huo, ukiutazama vizuri, ni mkandamizo wa uzito wa mwili bila mafuta na bila kuvua nguo. Tulichokosa ni kupanga: kujua wapi pa kukandamiza na wapi pa kuacha, kwa muda gani, na nani apelekwe hospitali badala yake. Hilo linafundishika. Makine wetu wa hospitali wangeweza kuwafundisha wabebaji wenyewe, katika makundi yao ya likirimba, yale ya kuchangiana pesa kwa zamu, mambo machache ya mabega, mgongo wa juu na mashavu ya miguu, na shingo iachwe kabisa. Likirimba inajua tayari kanuni yake: leo ni zamu yako, kesho ni yangu.

Na kama tunatafuta watu wa kuifanya kazi hii kwa malipo, Japani ina jambo lingine tungeweza kuiga kabla ya vyeti vya siku nne. Kabla ya shiatsu kulikuwa na anma, masaji yao ya zamani, na kwa karne nyingi hiyo ilikuwa kazi ya vipofu. Sugiyama Waichi, kipofu wa karne ya 17, alifungua shule za kuwafundisha vipofu wenzake masaji na tiba ya sindano, na mpaka leo wapo Wajapani wasioona wenye leseni na mshahara. Sisi vipofu wetu tunawajua kwa sauti, kwa sababu wanaimba kando ya njia wakiwa wameshikwa mkono na mtoto. Kidole chao kimezoea kusoma kitu ambacho sisi wenye macho tunakipita. Kuwafundisha miaka miwili au mitatu, kwa uzito wa kweli, kungegharimu chini ya magari ya semina moja.

Wiki iliyopita nilirudi Muhanzi. Boti ilikuwa imechelewa, na wabebaji walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu wakingoja. Nikamsimulia yule mama habari za godoro la Ibanda, za kuulizwa na kungojwa, akanisikiliza kwa adabu yote anayopewa mtu wa daftari.

"Sasa, papa, mi nikilala chini saa moja, muzigo itapanda Kadutu yenyewe?"

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, kijana kidogo kuliko wote, alikuwa amesimama nyuma yake, na bila kuacha kucheka akamwekea viganja mabegani, akaegemea. Hakuna aliyemwelekeza. Mama akafumba macho, kichwa kikaenda mbele kidogo, mfereji ule wa kwenye paji ukakunjuka. "Chini," akasema. "Chini tena. Hapo." Walikaa hivyo labda dakika tatu, mpaka mtu akapiga kelele kwamba boti inaonekana.